Siku ya Kukabidhi Nyumba

Ndugu zangu Waislamu, nyumba ikiuzwa watu hushughulikia sana bei, wakaisahau siku. Mwenye kuuza husema, "Nitahama mambo yakitengemaa," na mwenye kununua hujibu, "Nami nitakumalizia fedha nikipata dhahabu." Maneno haya si mageni kwetu Saza, kwani machimbo yapo jirani, na mtu hutumai mfuko mmoja wa mawe umlipie madeni yake yote. Lakini dhahabu haina miadi.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni la muda maalumu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameushika sana umaalumu huo, hata ahadi ya kulipana wakati wa mavuno wameikataa, kwa kuwa mavuno hutangulia na huchelewa. Imamu Malik ameiruhusu. Kwa nini basi tujitie katika hitilafu, ilhali kalenda imetundikwa ukutani?

Na mwenye kuuza akitaka kubaki mwezi au miwili, mpaka mvua zikatike? Jabir bin Abdillahi (R.A.) alimuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia wakiwa njiani, akashurutisha ampande mpaka Madina, akakubaliwa, wamepokea Bukhari na Muslim. Kwa hadithi hii Imamu Ahmad amejuzisha kuuza nyumba na kushurutisha kukaa humo muda unaojulikana. Shafi hakujuzisha. Iliyo salama ni nyumba kuuzwa bila ya sharti hilo na kukabidhiwa, kisha muuzaji aipange kwa mwenyewe mpya kwa mapatano mengine, yenye kodi na muda wake.

Lililo zito zaidi ni nyumba ya marehemu. Warithi wana haki ya kugawana, na pengine mnunuzi amekwisha simama mlangoni na fedha. Lakini mjane yumo ndani, na eda yake ni miezi minne na siku kumi, naye huikalia katika nyumba aliyokuwa akiishi mumewe alipofariki. Hesabuni kwa miezi ya mwandamo, mpate tarehe. Kabla ya hapo msimwambie afunge mizigo. Akiwa na mimba, eda yaisha kwa kuzaa, siku asiyoijua mtu. Hapo hakuna tarehe ya kuandika, mauzo yangoje. Wapo wasemao kwamba atakwenda kwa kaka yake, ni karibu tu. Ukaribu si hoja. Tena yeye mwenyewe ni mrithi, ana thumuni, au robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, jambo ambalo wengine hujifanya kulisahau.

Kwa ardhi ya kijiji, sheria ya mwaka 1999 yataka Halmashauri ya Kijiji iridhie uhamisho; na nyumba ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 yataka mwenzi naye aridhie. Basi tarehe ya kukabidhi ifuate ridhaa hizo, isizitangulie, na salio lilipwe siku hiyo hiyo, funguo mkono huu na fedha mkono huu, mbele ya mashahidi wawili.