Ng'om wa Nyumbani na Ng'om wa Shuleni: Mabadiliko ya Malezi katika Nyanda za Chai za Kericho na Bomet

Methali isemayo kuwa mkono mmoja haulei mwana hunukuliwa sana katika insha za wanafunzi wetu, aghalabu bila kuulizwa mikono hiyo mingine ilikuwa ya nani. Kwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet jibu li wazi: mkono wa pili ulikuwa wa mtoto mwingine. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi mkono huo ulivyoondolewa nyumbani hatua kwa hatua, na jinsi maana yenyewe ya mtoto mwerevu ilivyogeuka pamoja nao.

Kipsigis kina neno cheplakwet. Asili yake ni lakwet, yaani mtoto, nalo humtaja msichana mdogo, mara nyingi wa miaka sita hadi kumi, aliyekabidhiwa mtoto mchanga wakati mama akiwa shambani. Alimbeba, alimbembeleza na kumcheza, akampeleka kwa mama anyonye, kisha akamchukua tena. Ikumbukwe kuwa Kiswahili hakina neno moja la dhana hii. Yaya ni mwajiriwa, na mlezi anaweza kuwa mtu yeyote. Cheplakwet alikuwa dada au jamaa, hakulipwa, na yeye mwenyewe alikuwa bado analelewa. Wavulana nao walianza na ndama, wakapanda hadi kwenye mbuzi na hatimaye ng'ombe. Kutumwa ndiko kulikokuwa kufunzwa.

Mambo haya yalichunguzwa kwa makini na wataalamu wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliofanya utafiti katika jamii ya Kokwet mwanzoni mwa miaka ya 1970. Super aligundua kuwa watoto wachanga wa huko waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Wengine walikwisha kulieleza jambo hili kwa damu na maumbile. Yeye alionyesha kuwa ni mafunzo: mtoto alichimbiwa kishimo kidogo ardhini, akazungushiwa nguo, akaketishwa humo kila siku, na baadaye akashikwa mikono na kutembezwa. Hata lugha ilikuwa na maneno mahususi ya kumfundisha mtoto kuketi na kutembea. Lakini katika kutambaa, jambo ambalo hawakulifunzwa vivyo hivyo, watoto hao hawakuwatangulia wenzao.

Jambo la pili linatuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Wazazi wa Kokwet walipoulizwa mtoto mwerevu ni yupi, walitumia neno ng'om, kisha wakaligawa: kuna ng'om en sukul, mwerevu wa shuleni, na ng'om en gaa, mwerevu wa nyumbani. Huyu wa pili ni yule anayeona kazi kabla ya kuambiwa, anayetumwa na kurejea na jambo kamili, anayeachiwa mdogo wake na mama asiwe na wasiwasi. Sifa hizo mbili hazikulazimika kukaa kwa mtoto mmoja. Watafiti hao walipowataka watoto wadogo wasikilize hadithi fupi na kuisimulia upya mbele ya mtu mzima, wengi walinyamaza. Mwaka 1977 waliandika makala kuhusu ugumu wa kuwapima watoto wa Kiafrika, na hoja yao ilikuwa kwamba mtoto aliyefunzwa kusikiliza na kutekeleza hakuzoezwa kujieleza mbele ya mkubwa. Kwa maoni yetu, kila mwalimu anayetahini mazungumzo katika shule za msingi angefaa kulijua jambo hili kabla ya kuandika alama.

Ni nini basi kilichouondoa mkono wa pili? Wengi hutaja shule pekee, lakini chai ilitangulia. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo cha chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watoto walikuwa miongoni mwa vibarua waliochuma majani hayo kwa ujira. Hapo ndipo kazi ya mtoto ilipoanza kuwa na maana mbili. Ile ya nyumbani ilisimamiwa na mtu aliyempenda. Ile ya shambani ilisimamiwa na mnyapara. Katika kambi za wafanyakazi, chumba kilikuwa kidogo na nyanya alibaki mbali. Wajaluo, Wakisii, Waluhya na Wakipsigis waliishi ukuta kwa ukuta, na watoto wao wakacheza kombolela kwa Kiswahili. Kiswahili cha kambini kinastahili makala yake.

Shule ilikamilisha yaliyobaki. Mwaka 1974 karo ilifutwa katika madarasa ya kwanza hadi la nne, na mwaka 2003 elimu yote ya msingi ya umma ikawa bila karo. Tazama umri: darasa la kwanza hadi la nne ndio hasa umri wa cheplakwet. Hakuna aliyepiga marufuku kazi yake. Kengele ya asubuhi ilimchukua tu. Hatutamani arudi, kwa sababu wapo wanawake wengi ambao hawakujifunza kusoma kwa kuwa walikuwa na mtoto mgongoni. Hata hivyo, mama mwenye robo ekari ya chai hakupewa mkono badala yake. Humlipa yaya akiweza. Asipoweza humwachia nyanya, au huenda na mtoto shambani.

Swali gumu limebaki kwa wakulima wadogo, wanaouzia viwanda vya KTDA, shirika lililoundwa mwaka 1964. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anayechuma chai Jumamosi pamoja na mamaye analelewa au anatumikishwa? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 13 na kuruhusu kazi nyepesi kuanzia umri huo hadi 16, lakini mama si mwajiri wa mwanawe. Sisi tungeuliza uzito wa kikapu, na kama Jumatatu mtoto huyo atakuwa darasani.

Siku hizi Mtaala wa Umilisi unamtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe, zikiwemo kazi za mikono na za nyumbani, na baadhi ya walimu huomba picha ya mtoto akifagia au akiosha vyombo. Shule imeanza kupima ng'om en gaa. Wasichana waliobeba wadogo zao Kokwet miaka ile ya utafiti sasa wanakaribia au wamepita miaka 60. Maneno ya kumfundisha mtoto kuketi wangali wanayajua, na kamusi zetu bado hazina visawe vyake.