Mwindaji Ndiye Mlinzi wa Kwanza

Katika misitu ya Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye ayala, mwenye pembe za matawi, afananaye kiasi na kulungu wetu. Kila mwaka, majani yapukutikapo, mamilioni ya watu humwinda: mfanyakazi wa kiwandani, mkulima na mwalimu hushika bunduki ili kupata nyama ya kulisha jamaa zao wakati wa baridi. Sasa mnyama huyo yumo hatarini, kwa sababu ya maradhi ya kukondesha yasiyo na dawa wala chanjo.

Maradhi hayo yalionekana kwanza mwaka 1967 kwa ayala waliofugwa kwa utafiti katika jimbo la Colorado. Mwaka 1981 yalikutwa kwa wanyama wa porini, na leo yamekwisha kuingia katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani na sehemu za Kanada. Chanzo chake si kijidudu chenye uhai, bali ni protini iliyopotoka umbo, iitwayo prioni, ambayo huzipotosha nyingine mpaka ubongo ukatoboka kama sifongo. Mnyama hukonda, hutokwa na udenda, huyumba, kisha hufa. Hakuna aponaye.

Lililo baya zaidi ni kwamba mnyama aweza kuichukua prioni mwaka mzima na zaidi huku akionekana ni mzima, akiieneza kwa mate, mkojo na kinyesi. Mzoga utupwao huiacha udongoni, nayo hudumu humo miaka mingi. Hata moto wa jikoni hauiharibu. Basi mtu asemaye, "Ayala wangu amenona, hana ugonjwa," ajidanganya.

Hapo ndipo kazi ya mwindaji ianzapo. Kwanza, apeleke kichwa cha mnyama kikapimwe tezi, wala asile nyama kabla ya kupata majibu. Mpaka leo hapana mtu aliyethibitishwa kuambukizwa maradhi haya. Lakini mwaka 1996 Uingereza ilitangaza kwamba maradhi ya ng'ombe ya jamii hiyo hiyo yaelekea kuwa yamewaua watu. Mwenye hekima hangoji. Pili, asisafirishe mzoga mzima kutoka eneo la ugonjwa. Achukue nyama isiyo na mifupa, na mabaki ayapeleke kwenye jaa lililoidhinishwa, si msituni. Avae glavu achunapo, wala asiguse ubongo na uti wa mgongo bila sababu. Tatu, asimwage mahindi wala chumvi ya kuwavutia wanyama, kwani walao mahali pamoja huachiana mate. Nne, atoe habari kila amwonapo mnyama aliyedhoofu.

Wapo wanung'unikao kwamba haya ni makelele ya maofisa wapendao kuharibu uwindaji. Kutoaminiana huko kuna asili yake. Mwaka 2002, ugonjwa ulipogunduliwa Wisconsin, wakuu wa jimbo walikusudia kuwaua ayala wote wa eneo lile; wenye mashamba na wawindaji wengi wakapinga, na shabaha haikufikiwa. Huko Norway, ugonjwa ulionekana mwaka 2016 kwa ayala wa nchi za theluji. Kundi zima la Nordfjella, wanyama zaidi ya 2,000, likauawa. Hata hivyo mwaka 2020 maradhi yakatokea Hardangervidda. Mafunzo ni mawili: amri isiyo na ridhaa ya watu haifiki mbali, na bunduki peke yake haitoshi.

Lakini na tukumbuke pia kwamba ugonjwa wa Wisconsin ulijulikana kwa sababu ayala watatu waliopigwa na wawindaji walipimwa. Serikali haiwezi kuweka askari nyuma ya kila mti. Mwindaji ndiye amwonaye mnyama kwanza, ndiye amgusaye, na ndiye ajuaye mzoga ulikotupwa. Kichwa kimoja kupelekwa kupimwa chaonekana jambo dogo. Vichwa elfu ndivyo viwaonyeshavyo wataalamu ugonjwa ulipo na uelekeapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na prioni ikisha kuingia udongoni, hapana fundi ajuaye kuujenga ukuta huo.