Seva ya Kanzidata kwenye Laptopu Yako: Iweke, Kisha Jaribu Kuiharibu

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwalimu wa taaluma alinikabidhi maksi za kidato cha pili, mikondo miwili, niziingize kwenye Excel. Kazi ndogo, nikajisemea. Usiku nikataka majina yakae kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake, nikabonyeza kupanga. Excel ikaniuliza swali, nikajibu bila kusoma. Majina yakajipanga vizuri kabisa. Maksi zikabaki pale pale zilipokuwa.

Matokeo yakabandikwa. Kesho yake binti mmoja akaja ofisini na karatasi yake ya Hesabu. "Shikamoo mwalimu. Kule ukutani nina 23, lakini karatasi yangu ina 81." Wakati huo alishawekwa kwenye orodha ya wanaobaki jioni, na baba yake alishapigiwa simu. Niliomba radhi mbele ya darasa, kisha nikampigia mzee mwenyewe. Sitaisahau ile simu.

Wanachuo wenzangu, hasa nyie mnaokwenda kufundisha mwaka huu, ndiyo maana nikajifunza kuweka seva ya kanzidata kwenye laptopu yangu. Mimi si mtu wa kompyuta, nasoma ualimu. Kama nimeweza, hata wewe unaweza.

Kwanza, tofauti iko wapi? Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, alipendekeza data ziwekwe kwenye majedwali ambamo kila mstari ni taarifa moja kamili, na mpangilio wa mistari hauna maana yoyote. Kwenye kanzidata ya namna hii, kupanga majina ni jinsi ya kuonyesha tu. Maksi haiachani na mwenye nayo. Kosa langu la usiku ule lisingewezekana.

Neno "seva" lisikutishe. Si lazima iwe mtambo kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ni programu inayokaa ikisubiri maswali na kuyajibu, na inaweza kukaa kwenye laptopu hiyo hiyo unayoangalizia muvi. Ukishaipakua, haihitaji bando.

Mimi natumia MariaDB. Ni ya bure, na ilianzishwa mwaka 2009 na Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL. My na Maria ni majina ya binti zake. Kwa mwenye Windows njia rahisi ni kifurushi cha XAMPP. Kisakinishe, fungua dirisha lake, bonyeza Start kwenye mstari ulioandikwa MySQL (usishangae, ndani yake ni MariaDB). Jina likiwa na rangi ya kijani, seva imeamka na inasikiliza kwenye mlango namba 3306. Isipoamka, mara nyingi kuna programu nyingine imeshaukalia mlango huo.

Sasa bonyeza Shell, andika mysql -u root. Utaingia bila kuulizwa nywila, na hapo ndipo pa kushtuka: huyo root ana mamlaka yote. XAMPP imetengenezwa kwa ajili ya kujifunzia, haikufungwa makufuli. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Fungua faili la my.ini, chini ya [mysqld] weka bind-address="127.0.0.1", uizime seva na kuiwasha tena, hapo itaongea na laptopu yako tu, si na kila mtu aliye kwenye waifai ya hosteli. Kisha tengeneza kanzidata na mtumiaji wake:

CREATE DATABASE shule;
CREATE USER 'mwalimu'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila-yako';
GRANT ALL ON shule.* TO 'mwalimu'@'localhost';

Andika exit, ingia upya kwa mysql -u mwalimu -p shule, utengeneze majedwali:

CREATE TABLE wanafunzi (namba INT PRIMARY KEY, jina VARCHAR(80) NOT NULL);
CREATE TABLE matokeo (
namba INT,
somo VARCHAR(30),
maksi INT CHECK (maksi BETWEEN 0 AND 100),
PRIMARY KEY (namba, somo),
FOREIGN KEY (namba) REFERENCES wanafunzi(namba));

Wengi wakifika hapa wanashangilia na kulala. Mimi nasema kazi ndiyo inaanza: jaribu kuiharibu. Ingiza wanafunzi watatu wa uongo na maksi zao, kisha fanya majaribio haya.

Jaribio la kwanza: mpe maksi mwanafunzi namba 99 ambaye hayupo. Seva ikatae kwa kosa namba 1452. La pili: mpe mtu 187 kwenye Hesabu. Ikatae. La tatu: mwingize mtu yule yule mara mbili kwenye somo moja. Ikatae kwa kosa namba 1062. Kosa hapa ni habari njema. Ikikubali kimya kimya, rudi ukaangalie majedwali yako.

Jaribio la nne ni la umeme kukatika. Andika START TRANSACTION; kisha UPDATE matokeo SET maksi = 0; Angalia, wote wamepata sifuri. Sasa funga dirisha ghafla bila kuandika COMMIT. Ingia tena: maksi zimerudi zote. Kazi isiyokamilika haihesabiwi.

La tano ndilo watu wanalikimbia. Andika SELECT COUNT(*), SUM(maksi) FROM matokeo. Unakili majibu kwenye daftari. Toka, kisha tengeneza nakala: mysqldump -u mwalimu -p shule > shule.sql. Sasa, data zikiwa bado ni za uongo, ingia ufute kila kitu kwa DROP DATABASE shule. Uiunde tena tupu kwa CREATE DATABASE shule. Utoke, na kurudisha nakala: mysql -u mwalimu -p shule < shule.sql. Uliza swali lile lile. Namba zikilingana na za daftarini, una nakala kweli. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Faili hilo liweke kwenye flashi, maana laptopu ikiibiwa inaondoka na seva yake.

Nisiwadanganye lakini. Ukiandika 18 badala ya 81, seva itapokea bila kunung'unika, kwa sababu zote ni namba halali. Hapo dawa ni ile ile ya zamani: mmoja anasoma karatasi kwa sauti, mwingine anaangalia kioo. Siku hizi sibandiki matokeo kabla ya kufanya hivyo.

Yule binti alirudishiwa 81 yake kwa sababu alitunza karatasi na alikuwa na ujasiri wa kubisha hodi ofisini. Sijui wangapi kwenye orodha ile wangeweza kukaa kimya.