Utangulizi: Hofu ya Zamani, Macho ya Cheptiret

Matatu ikishaipita Burnt Forest kuelekea Eldoret, abiria wa Chuo Kikuu cha Moi huteremka Cheptiret, kwenye njia panda ya Kesses. Jioni huwa na baridi kali, na hoteli za chai hujaa mapema. Katika mojawapo, usiku mmoja wa mvua, niliwasha kipakatalishi nikawaonyesha wateja Dracula ya mwaka 1931. Walikuwapo wanafunzi wawili, mama mwenye hoteli, na vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja mvua ikatike. Baada ya dakika ishirini hivi, kijana mmoja aliuliza: “Mbona hii sinema haina muziki?” Kisha akaongeza, bila kungoja jibu langu: “Huu unyamavu ndio unanikosesha raha.”

Swali lile ndilo mlango wa taaluma ya sinema za kutisha za zamani, ambamo kitabu hiki kinakukaribisha. Mwaka 1931 sauti ilikuwa ngeni katika sinema, na mwongozaji Tod Browning hakuweka muziki wa kuandamana na vitendo. Upo ule wa mwanzoni na wa ukumbi wa maonyesho, basi. Bela Lugosi, anayemwigiza Dracula, anashuka ngazi za ngome yake, na hatusikii ila mlango na mbwa mwitu wa mbali. Mtazamaji wa leo amezoea kupigiwa ngoma kila hatari inapokaribia. Akinyimwa ngoma hiyo, hajui aanze kuogopa lini, basi huogopa wakati wote. Kijana wa bodaboda aliligundua hilo bila kusoma ukurasa hata mmoja wa nadharia. Ninaamini, na nimeuandika utangulizi huu kwa sababu hiyo, kwamba maoni ya mtazamaji wa kawaida ndiyo ushahidi wa kwanza wa taaluma hii. Msomi anayeyapuuza hana anachokichunguza.

Wala usidhani kwamba unaingia uwanja mgeni. Kogo wangu, yaani bibi yangu, alitusimulia habari za chemosit, naye hakuwa ameiona sinema hata moja. A. C. Hollis aliyaandika maelezo ya zimwi hilo katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, fimbo mfano wa mkuki ya kujikongojea, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Angalia ufundi uliomo. Ukimchora chemosit mchana, na yale makalio tisa, watoto watacheka. Kwa hiyo kogo hakuanza na makalio. Alianza na mwanga mdogo mwekundu ng'ambo ya mto, saa ambayo hakuna mtu wa heri anayetembea na taa. Kisha alinyamaza, akachochea moto. Mwili wa zimwi tuliachiwa tuujenge wenyewe, kila mtoto wa kwake, na hakuna fundi wa filamu aliyewahi kunitengenezea zimwi baya kuliko lile.

F. W. Murnau alilijua hilo mwaka 1922 alipotengeneza Nosferatu. Tukio linalokumbukwa na wengi halimwonyeshi mnyonya damu mwenyewe. Linaonyesha kivuli chake kikipanda ngazi, mkono na makucha vikinyooka ukutani. Filamu hiyo nusura ipotee kabisa, kwani ilichukua kisa cha Dracula, riwaya ya Bram Stoker, bila idhini. Mjane wa Stoker akashtaki, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Zilisalia chache zilizokuwa zimekwisha kutawanyika, na kwa hizo sisi tunaitazama leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, Cheptiret.

Hata hivyo hofu haisafiri bila kubadilika, na hapa ndipo penye utajiri mkubwa wa somo letu. Chukua zombi. Katika White Zombie ya mwaka 1932, iliyowekwa Haiti wakati nchi hiyo ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani, zombi ni watumwa wa kiwanda cha sukari. Wanasukuma mtambo usiku kucha, macho wazi, bila neno. Mmoja anatumbukia ndani ya kinu, na wenzake hawageuki. Mtambo unaendelea kulia. Mtazamaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa tukio hilo, maana ana neno lake: msukule, mtu anayesemekana kuchukuliwa kwa uchawi, ndugu wakamzika wakidhani amekufa, naye yuko shambani kwa mtu akilima gizani. Kinachoogofya ni kazi isiyo na mwisho wala mshahara, na ndugu ambao hawajui wakutafute.

Sasa weka kando yake Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Wafu wake hawamtumikii mtu. Wanakula nyama ya walio hai, na neno zombi halitamkwi hata mara moja. Wasambazaji walipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki liliachwa, kwa hiyo ikawa mali ya umma na kuzagaa duniani kote. Ndiyo iliyofundisha ulimwengu zombi tunaowajua leo. Nilipoionyesha pale hotelini, hakuna aliyeshtushwa sana na wafu wenyewe. Walishtushwa na mwisho. Ben, anayechezwa na Duane Jones, mwigizaji Mweusi, anastahimili usiku mzima, halafu asubuhi anapigwa risasi na kikosi kilichokuja kuokoa watu. Mama mwenye hoteli alisema taratibu: “Hao ndio wabaya.” Sina uchambuzi wa kuupita huo.

Naye mnyonya damu? Hapa kwetu hakuvaa joho jeusi. Luise White, mwanahistoria, amekusanya katika kitabu chake cha mwaka 2000 simulizi za enzi ya ukoloni kuhusu wazimamoto, waliosemekana kuwakamata watu usiku mjini Nairobi na kwingineko ili wawanyonye damu. Pwani waliitwa mumiani. Mnyonya damu huyo alikuwa na sare, gari na mwajiri. Mtu aliyelelewa na simulizi hizo akimtazama Lugosi humwona bwana mmoja mpweke katika nyumba mbovu, akashangaa hofu iko wapi. Mshangao wake ni elimu, na unastahili kuandikwa.

Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu mtazamaji wetu alidharauliwa tangu mwanzo. William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoanzishwa na Uingereza mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole zisizo na hila za kamera, la sivyo atachanganyikiwa. Maafisa wa enzi hiyo walipenda kurudia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa hivyo. Mimi nakisoma kisa hicho kama jibu la watu makini. Mwaka 1954 Wamarekani walilipa kiingilio kutazama Them!, filamu ya siafu wakubwa kuliko magari, na hakuna aliyeandika ripoti kuhusu upungufu wa akili zao.

Tangu hapo tumejitengenezea njia zetu. Tanzania ilimpata Lufufu, aliyezitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, na Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake imejaza vibanda vingi vya video. Ninawaheshimu wote wawili. Lakini sinema ya kutisha ya zamani huishi kwa ukimya, na msimulizi kazi yake ni kuujaza, kwa hiyo kwa filamu hizi nakuomba utazame bila yeye. Miaka ya 2000 Mussa Banzi naye alituletea Nsyuka na Shumileta, ambazo utazikuta katika sura za mbele, kwa kuwa zinaonyesha majini na mizuka ya kwetu ikiingia katika kanda za video.

Usijilazimishe kupenda kila kitu kwa kuwa ni cha kale. Popo wa Dracula anaonekana wazi kuwa ananing'inia kwenye uzi. King Kong ya mwaka 1933 inawachora watu weusi wa kisiwani kama washenzi wa kupiga ngoma na kutoa kafara, na White Zombie yenyewe haikuwajali Wahaiti iliowaonyesha. Ukichukizwa, sema umechukizwa na useme ni wapi hasa.

Kabla hujaanza sura ya kwanza, tafuta Nosferatu. Itazame usiku, taa zikiwa zimezimwa, pamoja na mtu mmoja mkubwa kwako kwa umri. Ikiisha, muulize aliogopa wapi, halafu uyaandike maneno yake kama alivyoyasema.