Kinachobaki Ukihama Linux Moja Kwenda Nyingine

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Laptop nyingi za mitumba zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi, zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya kwa miaka kadhaa, haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu rasmi, kwa kuwa mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kioo ni kizima, kibodi nzima, diski inasoma vizuri. Mafundi wengi watakwambia wakupigie Windows hiyo hiyo ya zamani uendelee. Lipo jibu jingine, nami nalitetea bila kusita: mifumo endeshi huria ya Linux.

Kinachowatisha wanaoanza ni wingi wake. Kuna Ubuntu, Mint, Debian, Fedora, Arch na mamia mengine. Kila mkusanyo wa namna hiyo huitwa distro. Mtu anahofu kwamba akichagua vibaya atakwama. Lakini distro hizi zimejengwa kwa matabaka, na anayehama habadilishi yote.

Chini kabisa kuna kiini, programu inayogawa ramu, diski na muda wa prosesa. Linus Torvalds alikitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na distro zote nilizozitaja zinakitumia, zikipishana namba za toleo. Juu yake zimekaa programu za msingi, nyingi kutoka mradi wa GNU alioutangaza Richard Stallman mwaka 1983. Halafu kuna msimamizi wa vifurushi, anayeleta programu pamoja na kila kitu inachokitegemea: Debian, Ubuntu na Mint hutumia apt, Fedora hutumia dnf. Juu ya yote ni eneo-kazi, yaani menyu, madirisha na ikoni. Ukitoka Mint ukaenda Fedora, mkono utajifunza amri mpya na jicho litazoea menyu mpya. Mengi ya chini ni yale yale.

Eneo-kazi ndilo linalozusha ugomvi. Mwaka 2011 eneo-kazi la GNOME 3 lilipotoka bila menyu na upau ambao watu walikuwa wameuzoea, malalamiko yalikuwa makubwa. Torvalds mwenyewe alihamia eneo-kazi jingine, Xfce, kwa muda. Ila hapa mlalamikaji alikuwa na la kufanya. Msimbo wa GNOME 2 ulikuwa wazi, hivyo waliotaka kubaki nao waliuchukua wakauendeleza kwa jina la MATE, na watengenezaji wa Mint wakaunda Cinnamon. Vyote viwili vinatumika hadi leo, na MATE pamoja na Xfce zinaifaa sana laptop yenye ramu ya GB 4.

Kabla ya kuhama, jaribu. Distro nyingi huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, njia iliyopata umaarufu kupitia Knoppix ya Mjerumani Klaus Knopper tangu mwaka 2000. Mfumo mzima umebanwa ndani ya faili moja linalosomwa tu. Chochote unachokiandika hukaa kwenye ramu, na ukizima kinafutika. Tumia nafasi hiyo kupima mambo ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Ukifunga kifuniko ukakifungua, laptop inaamka? Printa ya ofisini inaonekana?

Wi-Fi imewatesa wengi. Viendeshi vya vifaa katika Linux vingi vimo ndani ya kiini, lakini chipu nyingi za Wi-Fi zinahitaji pia programu ndogo ambayo mtengenezaji hakutoa msimbo wake. Debian, kwa msimamo wake juu ya uhuru wa programu, ilikuwa haiziweki kwenye kisakinishi chake rasmi. Wanachama walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 zimo. Naona waliamua vyema: mtu asiyeweza kuingia mtandaoni hawezi kuufaidi uhuru huo.

Ukiamua kusakinisha, ipe folda ya /home sehemu yake kwenye diski. Humo ndimo zinamokaa nyaraka, picha na mipangilio yako. Siku ya kuhama unafuta sehemu ya mfumo tu. Na ili kujua faili ni la nani, kompyuta haiandiki jina lako juu yake, bali namba. Debian, Ubuntu na Fedora zote humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, kwa hiyo mfumo mpya unakutambua kuwa mwenye mali. Kwanza, hata hivyo, nakili kila kitu kwenye diski ya nje.

Kazi ngumu iko kwenye nyaraka na programu. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha kompyuta takriban 15,000 kwenda Linux, kazi iliyokamilika mwaka 2013. Kusakinisha hakukuwa tatizo kubwa. Vilivyosumbua ni violezo vya barua, makro, na programu za idara zilizoandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Mwaka 2017 baraza lilipiga kura kurudi Windows. Kwa hiyo anza na LibreOffice na Firefox ukiwa bado kwenye Windows, uone mapema faili lipi linaharibika.

Kwa sisi tunaonunua bando, kuna hesabu nyingine. Fedora hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita, na Arch husasishwa mfululizo, jambo linalokula data nyingi. Debian hutoa toleo takriban kila miaka miwili, katikati ikileta hasa marekebisho ya usalama na hitilafu. Aidha, ukitumia amri ya apt-get, vifurushi vilivyopakuliwa hubaki katika /var/cache/apt/archives hadi uvifute. Vinakiliwe kwenye flashi, viwekwe kwenye folda hiyo hiyo ya kompyuta nyingine yenye distro, toleo na aina ya prosesa ile ile. Kompyuta hiyo ikishapata orodha mpya ya vifurushi, itavitumia vilivyopo badala ya kuvipakua tena, na darasa zima la kompyuta linaweza kusasishwa kwa bando la mtu mmoja.