Mashine ya Kugawa Sauti katika Kumbi za Dansi

Leo twataka kuzungumza habari za chombo kidogo ambacho wengi hawajakiona kwa macho, ingawa hasara ya kukosekana kwake huisikia kila Jumamosi usiku. Mtu aliyelala Kashai au Hamugembe mjini Bukoba, au aliye kibanjani mwake kando ya barabara iendayo Muleba, husikia mdundo ukija kutoka ukumbini: du, du, du, hata alfajiri. Maneno ya wimbo hayasikii, wala gita halisikii. Nyimbo za Saida Karoli za Kihaya, ambazo watoto wetu wazijua kwa moyo, zikifika umbali ule hugeuka mdundo mtupu.

Sababu yake ni hii. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sauti nene hutikisa mara chache, na nyembamba hutikisa mara nyingi. Hesabu ya mitikisiko katika sekunde moja huitwa hezi. Sikio zima la kijana husikia tangu hezi 20 hata hezi 20,000. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu meta 7, na lile la hezi 10,000 halifiki hata sentimeta 4. Wimbi fupi huzuiwa na ukuta, na pazia, hata na mwili wa mtu. Lakini wimbi refu hulizunguka jengo, likatelemka bondeni mpaka kitandani kwa jirani. Basi mwenye ukumbi akiongeza sauti ili watu wake wasikie maneno vizuri, ajue kwamba majirani hawaongezewi maneno, bali mdundo.

Tulipata kuijua habari hii kwa karibu katika ukumbi mmoja wa Muleba, ambao hatutautaja jina. Mwenyewe alikuwa na amplifaya mbili kubwa, masanduku manne ya besi, na spika za pembe za sauti nyembamba, ambazo mafundi huziita twita. Katika mwaka mmoja twita zilimwungulia mara tatu. Kila mara alilaumu umeme, au alilaumu fundi, akanunua nyingine. Mwisho akatujia chuoni, akiwa amesikia kwamba twafundisha sayansi, akauliza, “Walimu, ninunue spika kubwa kuliko hizi?” Tukamjibu kwamba spika zamtosha, alichokosa ni mashine ya kuigawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Wauzaji huiita prosesa, nasi tutaiita hivyo.

Kazi yake ya kwanza yafahamika upesi kwa mtu wa Kagera, kwa maana sote twaijua kahawa. Buni zikiisha kukobolewa hupitishwa katika machekeche, kubwa zikakaa upande wake na ndogo upande wake. Prosesa huichekecha sauti vivyo hivyo. Zilizo chini ya hezi 100 huzipeleka kwenye masanduku ya besi. Za katikati huzipeleka kwenye spika za kati. Na zilizo juu ya hezi 2,000, au kadiri atakavyoagiza aliyetengeneza spika, kwenye twita. Sehemu hii huitwa krosova. Chekeche lake laweza kuwa jepesi au kali. Lile kali litumiwalo sana hupunguza desibeli 24 kwa kila oktava, maana yake, sauti iliyo nusu ya hezi za mpaka hufika kwenye twita ikiwa na nguvu ya sehemu moja tu katika 250. Twita ni kitu chepesi mno, mfano wa bawa la senene. Ukiipelekea mdundo wa ngoma, umeipa mzigo wa ng'ombe.

Kazi ya pili ndiyo iliyomfaa zaidi rafiki yetu, nayo ni kuweka kikomo. Ifikapo saa saba ya usiku masikio ya watu yamekwisha kuchoka, na vichwa vyao vimekwisha kuchangamka, na mpiga santuri, ambaye vijana humwita dijei, hupandisha sauti kidogo, kisha kidogo tena. Hatimaye amplifaya hushindwa, vilele vya mawimbi hukatika, na joto jingi huingia katika nyuzi za twita mpaka ziungue. Kikomo, ambacho mafundi hukiita limita, ni kama mtu asimamaye mlangoni akasema, “Mpaka hapa, basi.”

Wanafunzi wetu na wachukue kalamu, maana hesabu yake ni ya shule. Volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa omu za spika, hupatikana wati. Twita ya omu 8 iwezayo kuchukua wati 50 haitaki zaidi ya volti 20, kwa sababu 20 mara 20 ni 400, na 400 kwa 8 ni 50. Ikiwa amplifaya huikuza sauti mara 40, basi prosesa isiiruhusu sauti itokayo kwake izidi nusu volti. Hesabu hiyo moja, ambayo mtoto aliyesoma vizuri aweza kuifanya, ingalimwokolea yule bwana twita zote tatu. Lakini hesabu ikiisha kufanywa, kitasa cha amplifaya kisiguswe tena. Yafaa kukifunika kwa utepe, kwa maana akikipunguza mtu au kukiongeza, kikomo kimekwisha kuwa cha uongo.

Kazi ya tatu ni kuchelewesha. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, huliona shoka likishuka kwanza, kisha sauti yafuata. Kwa kuwa sauti hutembea kadiri ya meta 343 tu kwa sekunde, hewa ikiwa na joto la digrii 20. Katika ukumbi mrefu, wenye spika mbele na nyingine katikati ya safari, waliokaa nyuma husikia kila neno mara mbili, ya karibu kwanza na ya mbali baadaye. Ikiwa umbali baina ya spika hizo ni meta 17, yatosha kuziagiza zile za nyuma zingoje sehemu 50 katika elfu za sekunde, na neno hurudi kuwa moja.

Iko pia ikwalaiza, ya kuongeza na kupunguza sauti za namna mbalimbali. Hiyo twaipita upesi, kwa sababu wengi huitumainia kuliko iwezavyo. Ukumbi wenye kuta za saruji tupu na mabati juu yake huwa na mwangwi, na hakuna prosesa duniani iwezayo kuondoa mwangwi. Mapazia mazito, dari, na mikeka ukutani ndiyo dawa yake. Ikwalaiza hufaa kwa kupunguza palipozidi. Anayeinua kila mahali hajapata kitu ila kelele.

Sasa, mtu asiye na fedha nyingi anunue ipi? Kwanza ahesabu njia za kutokea. Katika ukumbi wa dansi watu huzunguka kila upande, kwa hiyo hapana haja kubwa ya kutenga kuume na kushoto. Njia moja ya besi, moja ya kati, moja ya twita, na moja ya spika za nyuma, jumla nne, zatosha. Miongoni mwa zijulikanazo, Behringer DCX2496 ina njia tatu za kuingilia na sita za kutokea, na mikononi mwa watu zimo nyingi zilizokwisha kutumika. dbx DriveRack PA2 ina mbili za kuingilia na sita za kutokea. Ni ghali zaidi, lakini huweza kuunganishwa na maikrofoni ya kupimia, ikausikiliza ukumbi na kujirekebisha yenyewe, na fundi aweza kuiongoza kwa simu yake. miniDSP 2x4 HD ni ndogo na yenye njia nne, lakini viungo vyake ni vya namna ya redio za nyumbani, na waya mrefu waweza kuingiza mvumo wa umeme. Sisi twaona kwamba asiye na fundi wa kudumu heri aongeze fedha apate ile iwezayo kupima. Mwenye fundi mzuri anunue iliyotumika, baada ya kuisikiliza kila njia yake kwa zamu. Na mwenye baa ndogo yenye spika mbili zilizo na amplifaya ndani asinunue yoyote, maana mara nyingi spika hizo zimekwisha kuwa na prosesa yake ndani, na kumwuzia nyingine ni kumwibia.

Bukoba iko karibu na Kampala kuliko Dar es Salaam, na vitu vingi hupita Mutukula. Hapana ubaya, mradi ushuru ulipwe na stakabadhi ipatikane. Aliyeuziwa kitu bandia asiye na stakabadhi ataanzia wapi kudai? Tena anunue na stabilaiza, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huua vyombo vya namna hii upesi. Wakati wa kuwasha, prosesa iwashwe kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie.

Lakini twita zanunulika, na sikio halinunuliki. Vinyweleo vidogo vilivyomo ndani ya sikio vikifa havioti tena, na ule mlio ambao vijana hurudi nao nyumbani ndio onyo la kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni mwaka 2022 kwamba katika kumbi za namna hii wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa muda wa dakika 15. Hapa Tanzania ziko kanuni za kelele za mwaka 2015, na mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilizifungia baa na kumbi nyingi kwa sababu hiyo. Prosesa haijui sheria, walakini kikomo chake chaweza kuwekwa chini ya kile ambacho spika zingaliweza, na sauti za chini ya hezi 40, ambazo masanduku mengi hayazitoi vizuri ila kutikisa kuta, zaweza kukatwa kabisa.

Rafiki yetu wa Muleba alinunua iliyotumika. Tulikaa naye alasiri nzima ukumbini mtupu, mmoja wetu akisimama mbele na kipimo, mwingine akienda hata nyumba ya tatu ya jirani, mahali ambapo palikuwa na mama aliyejifungua wiki ile. Tuliishusha besi mpaka mama yule akasema yatosha, ndipo tukaweka kikomo. Dijei alinung'unika kwamba ukumbi umekuwa baridi. Wachezaji hawakusema neno. Walicheza, na maneno ya nyimbo yalisikika mpaka mlangoni. Kwa kuwa mashine ile hufungwa kwa namba za siri, mwenyewe aliziandika katika daftari la hesabu za mkewe, nalo hukaa sandukuni nyumbani.