Amplifaya ya mfukoni: isome hedifoni yako kwanza

Kijana mmoja anayehariri vipindi vya redio aliniletea hedifoni yake ya studio, Beyerdynamic DT 770 Pro, ile yenye waya uliojikunja kama wa simu ya mezani. Simu yake mpya haina tundu la pini ya milimita 3.5, kwa hiyo alikuwa amenunua adapta ndogo ya USB-C. Sauti inatoka, lakini ameipandisha mpaka mwisho na bado haimtoshi. “Fundi,” akaniuliza, “ninunue amplifaya ya Bluetooth, au nitakuwa nimetupa hela tu?”

Yeye nilimwambia anunue. Wengi wanaoniuliza swali hilohilo huwaambia wabaki na hela zao.

Kifaa chenyewe hakizidi sana kiberiti kwa ukubwa. Ndani yake mna redio ya Bluetooth inayopokea muziki kutoka kwenye simu, chipu inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme, amplifaya inayoyapa mawimbi hayo nguvu, na betri inayovilisha vyote. Ubavuni kuna tundu la kuchomeka hedifoni. Waya unaoondoka ni ule wa kati ya simu na kifaa. Wa hedifoni unabaki palepale. Ndiyo maana mwenye vipokezi visivyo na waya kabisa hana la kufanya nacho: vipokezi hivyo vina amplifaya yao ndani.

Sasa tuigeuze ile hedifoni ya kijana tusome maandishi yake. Imeandikwa 250 Ω, yaani omu 250, kipimo cha jinsi inavyoukinza umeme. Hedifoni nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya simu huwa na omu 16 hadi 32. Ukitaka kujua nguvu inayoifikia, zidisha volti kwa volti, kisha gawa kwa omu. Adapta inayotoa nusu volti huipa hedifoni hii miliwati 1 tu. Kwa vipimo vya mtengenezaji, miliwati 1 hiyo hutoa desibeli 96, lakini hicho ni kilele. Mazungumzo na muziki wa kawaida huwa chini ya kilele kwa desibeli 10 hadi 20, na rekodi iliyorekodiwa kwa sauti ya chini hushuka zaidi. Amplifaya ya mfukoni inayofikia volti 2 huipa miliwati 16, na hapo anapata desibeli 12 za ziada. Kwa mhariri anayesikiliza mahojiano yaliyonaswa kwa mbali, hiyo ni tofauti ya kusikia neno na kulikisia.

Mwenye hedifoni ya omu 32 inayopaza vizuri hahitaji nguvu hizo. Adapta ya waya inamtosha, tena haihitaji kuchajiwa.

Upande wa pili ni namna muziki unavyosafiri. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Bluetooth ya muziki haina njia pana hivyo, kwa hiyo simu huukandamiza muziki kabla ya kuurusha, na kanuni ya kuukandamiza huitwa kodeki. SBC ipo katika kila simu na kwa kawaida haizidi sana kilobiti 328. iPhone hutumia AAC. Simu za Android, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, zinaweza kutumia LDAC ya Sony, yenye ngazi tatu: 330, 660 na 990. Ngazi ya juu inapendeza ukiwa umetulia nyumbani. Ndani ya daladala iliyojaa watu na simu zao, 990 hukatikakatika. Chagua 660 usikilize kwa amani. Ukiwa na iPhone, usilipie zaidi kwa sababu ya LDAC, maana simu yako haitairusha. Na kama wimbo wenyewe ulipakuliwa ukiwa umeshakandamizwa vibaya, hakuna kodeki itakayorudisha kilichotupwa.

Kuna kasoro mbili za kuzijua mapema. Sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo. Programu nyingi za video hulingana nayo zenyewe, lakini kwenye michezo utaona risasi kwanza ndipo uisikie. Pili, ukipiga simu kwa maikrofoni ya kifaa, Bluetooth huhamia njia ya mazungumzo na ubora hushuka papo hapo. Vifaa vingi vya aina hii hupokea pia waya wa USB. Kwa michezo na uhariri, tumia waya.

Katika matumizi, weka sauti ya simu karibu na mwisho, kisha punguza na ongeza kwenye kifaa. Kikiwa na swichi ya nguvu ya juu na ya chini, anza na ya chini. Mimi niliwahi kuisahau swichi hiyo juu nikavaa vipokezi vidogo vya ndani ya sikio. Wimbo ulipoanza nilivichomoa kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nawasha muziki kwanza, navaa baadaye.

Hilo si jambo la kuchekea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, saa hizo hugawanyika nusu: kwenye 83 zinabaki 20, kwenye 86 zinabaki 10. Zile desibeli 12 alizozipata kijana wetu ni nyongeza ya 3 mara nne. Akizitumia zote bila haja, saa zake 40 zinabaki mbili na nusu.

Basi kabla hujatoa hela, geuza hedifoni yako usome omu zake. Zikiwa 32 au chini, nunua adapta ya waya. Zikifika 250, nunua amplifaya, na uifunze mikono yako kushusha sauti.